Namna ya kuchagua singo yako moja ya roki ya gereji, ile kali pande zote mbili

Ukimuuliza mtu anayependa roki ya gereji ya miaka ya 60 ngoma gani anaikubali zaidi atakujibu fasta tu, Louie Louie, 96 Tears, Dirty Water, basi. Ila muulize ni santuri gani, yaani singo, ile sahani ndogo ya inchi 7 yenye wimbo huku (upande A, wa mbele) na wimbo huku (upande B, wa mgongoni), na pande zote mbili ziwe moto, hapo utamuona anaanza kukuna kichwa. Mi hilo swali la pili ndo naliona tamu, maana linakulazimisha usikilize mziki ambao redio haikukupa, na nimekaa nalo muda mrefu mpaka nikapata utaratibu wangu wa kufika kwenye jibu. Ndo huu hapa.

Kwanza tuwekane sawa kwa ambao hawajaingia huku. Roki ya gereji ni mziki wa madogo wa Marekani (na Kanada, na sehemu nyingine chache ntazitaja) kati ya 1963 na 1968 hivi. Beatles walitokea kwenye kipindi cha tivii cha Ed Sullivan tarehe 9 Februari 1964, watu kama milioni 73 wakawaangalia, na kuanzia hapo kila mtaa ukawa na vijana wanne watano wa sekondari wenye gita za mkopo wanapiga kelele kwenye gereji la mzazi wa mmoja wao. Wengi walirekodi singo moja au mbili kwa lebo ndogo (kampuni ya kutoa santuri) ya mjini kwao, kopi mia kadhaa, wakaziuza kwenye madansi ya shule, redio ya mji ikapiga kidogo, halafu bendi ikafa, huyu kaenda chuo, yule kaitwa jeshini wakati wa Vietnam, mwingine kaoa. Hawakuacha albamu wala mahojiano, wameacha dakika tano za mziki, mbili na nusu kila upande. Sasa ukisikiliza upande mmoja tu umetupa nusu ya kila kitu walichowahi kufanya duniani, ndo maana mi siwezi kuutazama upande B kama kijalizo.

Hatua ya 1: Weka mipaka kabla hujaanza kusikiliza

Usipoweka mipaka utazunguka mwaka mzima. Mi naweka mitatu. Iwe imetoka kati ya 1963 na 1968. Iwe ilitoka kweli kama singo, na nyimbo hizo mbili ziwe zilikaa mgongo kwa mgongo kwenye sahani ileile wakati uleule, sio umechukua ngoma mbili unazozipenda kwenye albamu ukaziunganisha mwenyewe. Na iwe bendi ya vijana wanaopiga wenyewe vyombo vyao, sio msanii wa studio.

Huo mpaka wa pili ndo watu wanauvunja sana, na una mtego wake, kwa sababu singo moja inaweza kuwa imetoka na upande B tofauti kwa nyakati tofauti. Mfano mkubwa kabisa ni The Sonics wa Tacoma, jimbo la Washington. The Witch ilitoka 1964 kwa lebo ya Etiquette, ambayo ilikuwa ya bendi nyingine ya hapohapo, The Wailers, na upande B ulikuwa Keep A-Knockin', wimbo wa Little Richard. Baadae ikachapwa tena ikiwa na Psycho mgongoni, utunzi wao wenyewe. Kwahiyo mtu akikwambia singo yake ni The Witch muulize ipi, hizo ni sahani mbili tofauti na kwa swali letu tofauti ni kubwa mno. The Seeds nao hivyohivyo, Pushin' Too Hard mwanzo 1965 ilitoka ikiitwa You're Pushing Too Hard na mgongoni ilikuwa Out of the Question, ikarudi 1966 na Try to Understand. Andika kabisa ni toleo lipi unalolipima.

Hatua ya 2: Kusanya orodha, isizidi kumi na tano hivi

Pa kuanzia pazuri bado ni Nuggets, ile mkusanyiko aliyoitengeneza Lenny Kaye mwaka 1972 kwa lebo ya Elektra, ngoma 27, ndo iliyofanya watu waikumbuke hii mziki upya. Ila Nuggets inakupa upande mmoja tu wa kila sahani, wewe chukua jina la bendi kisha nenda Discogs, tovuti yenye orodha za santuri, uangalie mgongoni kulikuwa na nini, halafu utafute huo wimbo. Ukimaliza Nuggets ingia Pebbles na Back from the Grave, hizo zimechimba chini zaidi, bendi ambazo hata mjini kwao zilisahaulika.

Nikupe baadhi ambazo nadhani zinastahili kuingia kwenye orodha ya mtu yeyote. The Music Machine, Talk Talk na Come On In, Los Angeles 1966. 13th Floor Elevators wa Austin, Texas, You're Gonna Miss Me na Tried to Hide, 1966. The Squires wa Connecticut, Going All the Way na Go Ahead, 1966. We the People wa Orlando, Florida, You Burn Me Up and Down na He Doesn't Go About It Right, hiyo pia 1966 (mwaka 1966 ulikuwa balaa, utaona wenyewe). Zakary Thaks wa Corpus Christi, Texas, Bad Girl na I Need You. The Litter wa Minneapolis, Action Woman na A Legal Matter, 1967. The Standells, Sometimes Good Guys Don't Wear White na Why Did You Hurt Me. Pleasure Seekers wa Detroit, bendi ya wasichana watupu akiwemo Suzi Quatro, aliyekuja kuwa nyota wa roki, akiwa bado binti mdogo wa shule, Never Thought You'd Leave Me na What a Way to Die. Third Bardo wa New York, I'm Five Years Ahead of My Time na Rainbow Life.

Nje ya Marekani usiwasahau The Haunted wa Montreal na 1-2-5, Ugly Ducklings wa Toronto na Nothin', Los Saicos wa Lima kule Peru na Demolición ya 1965 ambayo jamaa anapiga kelele kwa Kihispania utadhani spika imepasuka, na The Monks, wanajeshi wa Kimarekani waliobaki Ujerumani baada ya kumaliza utumishi wao, wakanyoa utosi kama watawa na kuingiza banjo kwenye roki, Complication na Oh, How to Do Now, 1966.

Hatua ya 3: Anza na upande B. Siku zote.

Hapa ndo mwongozo wote ulipo, hatua nyingine hata ukizichezea kidogo sawa, hii hapana.

Sikiliza hivi. Sisi huku tumezoea santuri za Nairobi, rumba na benga, ambako wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule, na mara nyingi utamu wote wa gita na watu kucheza ulikuwa huko mgongoni, kwahiyo kugeuza sahani ilikuwa lazima, ndo raha yenyewe ilipokaa. Kwa Wamarekani ilikuwa tofauti. Nyimbo zao zilikuwa dakika mbili, mbili na nusu, zinaenea upande mmoja na nafasi inabaki, upande wa pili ukapewa wimbo mwingine kabisa, na mara nyingi ukapewa chochote. Sababu ni hela. Mrabaha wa mtunzi kwa sheria ya Marekani wakati ule haukuzidi senti 2 kwa kila wimbo kwenye kila kopi, na upande B ulilipwa sawasawa na upande A hata kama hakuna aliyeusikiliza. Prodyuza mjanja akawa anaweka kitu alichotunga yeye au rafiki yake, au ala tupu iliyopigwa dakika za mwisho studio, akakunja hela ileile.

Ndo maana singo nyingi maarufu zinafeli hapa. Louie Louie ya The Kingsmen, waliyoirekodi Portland mwaka 1963, ni moja ya rekodi muhimu za karne nzima, mwimbaji anaingia mapema baada ya solo anajikata katikati na wakaiacha hivyohivyo, FBI wakaichunguza wakitafuta matusi kwenye mashairi wakashindwa hata kuelewa anaimba nini. Mgongoni? Haunted Castle, ala tupu, inasikika, inapita, imeisha. 96 Tears ya Question Mark and the Mysterians, watoto wa wahamiaji wa Kimexico kule Michigan, ilifika namba moja Oktoba 1966 na ikauza zaidi ya kopi milioni. Mgongoni Midnight Hour, na kuna watu walitaka eti hiyo ndo iwe upande A mpaka mwimbaji akakomaa kuwa hapana, ni 96 Tears. Alikuwa sahihi kabisa. Kama ngoma moja moja hizi ni dhahabu, ila kama sahani ya pande mbili mi nazitoa bila kusita.

Ukianza na upande A sikio linashiba, unafika upande B ukiwa tayari umeshaipenda bendi na unaisamehe kila kosa. Ukianza na B unaisikia kama ilivyo. Jiulize swali moja tu, je huu wimbo ungekuwa upande A wa bendi nyingine ningeutafuta? Kama jibu ni ndio hiyo sahani inabaki. Kama unaanza kusema aah si mbaya, itoe.

Na kuna kesi ambazo upande B umemeza A kabisa. The Lyrics wa California, 1965, upande A ulikuwa They Can't Hurt Me lakini leo watu wanaitafuta sahani ile kwa ajili ya So What!!, kinanda cha mdomo na dharau tupu. Pleasure Seekers nao hivyo, What a Way to Die ndo upande B, wimbo wa mabinti wanaosifia bia, na ndo unapigwa mpaka leo kwenye sherehe za mziki huu. Na babu yao wote ni Gloria. Them wa Belfast waliitoa mwishoni mwa 1964 kama upande B wa Baby, Please Don't Go, halafu kila bendi ya gereji Marekani ikawa inaipiga, na Shadows of Knight wa Chicago wakaifanya upande A yao 1966 wakafika namba 10, kwa kubadilisha mstari mmoja tu, pale Them walipoimba kwamba binti anapanda chumbani kwangu wao wakaimba anaita jina langu, na redio zikakubali kupiga.

Hatua ya 4: Pima pande mbili zinavyoongea

Zikishabaki zile zenye B nzuri, sasa sikiliza zote mbili mfululizo, B halafu A halafu B tena, na usikilize uhusiano. Kwa masikio yangu ziko aina mbili zinazofaa.

Aina ya kwanza ni moto huku na moto huku. The Witch na Psycho ndo mfalme wa aina hii na sidhani kuna wa kumtoa. Weka The Witch, gita na saksofoni zinaingia pamoja na rifu (kipande kifupi kinachojirudia) nzito inayokanyaga, Gerry Roslie anakuonya kuhusu mwanamke mgeni mjini mwenye nywele ndefu nyeusi na gari kubwa jeusi, na kati ya mistari bendi inasimama kidogo kisha Bob Bennett anazipasua dramu kwa nguvu ambazo mitambo ya studio haikuziweza, unasikia kabisa sauti inachanika pembeni. Ile kuchanika ndo mziki wenyewe, usije ukadhani kopi yako mbovu. Geuza, Psycho, dramu zinafungua, Roslie anapiga ukelele kabla hata hujakaa, na kuanzia hapo ni mbio mpaka mwisho. Ni vijana walewale, vyombo vilevile, hasira ileile, na hakuna pa kupumzika.

Zakary Thaks wako upande huu pia ila kwa njia nyepesi zaidi, Bad Girl ni dakika mbili za gita lenye mkwaruzo na madogo wa miaka kumi na sita hivi wanaopiga kama watu wazima, mgongoni I Need You ya The Kinks wameipiga kwa adabu lakini kali. Mi hapo nawapunguzia kidogo kwa kuwa upande mmoja ni wa kuazima. Litter hivyohivyo, A Legal Matter ni ya The Who. Sio kosa, bendi zote za wakati ule ziliishi kwa kupiga nyimbo za watu kwenye madansi, ila tukifika fainali mtu mwenye tungo mbili zake anapata alama zaidi kwangu.

Aina ya pili ni mchana na usiku, upande mmoja unakushambulia na mwingine unakufunulia kuwa hawa watu walikuwa na kitu kingine moyoni. Hii ndo ninayoipenda na ntakwambia kwa nini, bendi iliyopata nafasi moja tu maishani ikatumia upande mmoja kupiga kelele na upande mwingine kuwa wapole, unakuwa umewajua. Talk Talk ya Music Machine haifiki hata dakika mbili, gita na kinanda vinapiga kwa mkato, Sean Bonniwell anaongea zaidi ya kuimba kwa sauti nzito ya chini, bendi nzima nguo nyeusi nywele zimepakwa rangi nyeusi na kila mmoja kavaa glavu nyeusi mkono mmoja. Ilifika namba 15. Geuza ukutane na Come On In, taratibu, giza, inakukaribisha ndani ya chumba ambacho huna uhakika unataka kuingia. Ukitoka huko ukirudi Talk Talk unaisikia tofauti, unagundua sio hasira tu, kuna hofu ndani yake.

Elevators wapo katikati ya aina hizi mbili na ndo maana wanasumbua. You're Gonna Miss Me Roky Erickson aliwahi kuirekodi kabla na bendi yake ya kwanza The Spades, halafu akaja nayo huku, na kitu kinachokufanya uinue kichwa ni ile sauti ya tukutuku-tukutuku inayokimbia nyuma ya wimbo mzima, ni Tommy Hall anapuliza na kuimba kwenye mtungi uliowekewa maikrofoni. Mtungi! Tried to Hide nayo ina mtungi huohuo na kinanda cha mdomo na haina aibu mbele ya mwenzake. Walifika namba 55 tu kitaifa. Kwa mtu anayeanza leo ningemwambia anunue hii kabla ya zote.

Hatua ya 5: Hakikisha unachosikiliza ndo chenyewe

Hii fupi ila muhimu. Kwenye intaneti kumejaa rekodi za kurudiwa, yaani bendi wamezeeka wakaingia studio tena miaka ya 80 au 90 kuipiga upya kwa sababu haki za rekodi ya zamani ziko mikononi mwa watu wengine. 96 Tears ndo mfano mbaya zaidi, rekodi ya kwanza ilifungiwa miaka mingi haikutoka kwenye sidii mpaka 2005, na katikati hapo wao wenyewe wakairekodi upya. Usihukumu wimbo wa 1966 kwa rekodi ya 1997. Angalia mwaka, angalia jina la lebo, na kama sauti ni safi mno na gita liko kushoto na dramu kulia kistaarabu ujue una mashaka.

Tafuta mono. Singo za wakati ule zilichanganywa kwa mono, kila kitu kinatoka katikati kwa pamoja kinakupiga kifuani, wakati albamu nyingi za stirio za enzi hizo zilikuwa zimetenganishwa hovyo au mono iliyolazimishwa kuwa stirio kwa mtambo, inasikika kama bendi iko bafuni. Ukiona kwenye YouTube mtu kaweka video ya sahani yenyewe inazunguka, mikwaruzo na yote, mara nyingi hiyo ndo itakupa ukweli kuliko toleo lililosafishwa.

Na sikiliza kwa spika, hata spika moja ya redio ya zamani, usitumie hedfoni. Hii mziki ilichanganywa kwa ajili ya redio ya gari na jukboksi.

Hatua ya 6: Zitoe mbili mbili

Usijaribu kuzipanga kumi na tano kwa mpigo, akili haiwezi. Chukua mbili, sikiliza pande nne, chagua moja, nyingine itoe na usiirudie. Fanya siku tofauti tofauti kwa sababu siku una hasira Sonics watashinda kila mtu. Mi nina kanuni ndogo hapa, zikilingana nguvu nazipa sare kwenye upande A nahukumu kwa B, na B zikilingana naangalia ipi ilinifanya nigeuze sahani bila kufikiria.

Kwa utaratibu huu Standells walitoka mapema kuliko nilivyodhani. Why Did You Hurt Me ni upande B mzuri sana, Dick Dodd anaimba huku anapiga dramu, ila kila nikiuweka na Come On In unaonekana mwepesi. We the People walifika mbali, You Burn Me Up and Down ni wimbo ambao kama hujausikia acha kusoma kausikilize kwanza, na mgongo wake nao umesimama. Third Bardo walitolewa na Elevators, hiyo haikuchukua muda.

Mwisho kwangu walibaki Sonics, Music Machine na The Squires, na niliyoichagua ni The Squires. Najua nusu ya wanaosoma watasema ni The Witch na Psycho na hawana kosa, kama swali lingekuwa sahani kali kuliko zote ningesema hivyohivyo. Ila hili ni swali la sahani unayoipenda. Hawa madogo wa Bristol, Connecticut walipata bahati ambayo wenzao wengi hawakuipata, kusajiliwa na Atco, lebo kubwa iliyo chini ya Atlantic, na bado haikusaidia, singo ikatoka 1966 ikazama. Going All the Way ina gita linaloanza kwa kujirudia taratibu kama lina siri, sauti imebanwa, dramu zinasukuma kutoka chini, na unasubiri ilipuke, na inapolipuka sio kwa kelele, ni kwa msukumo tu, bendi nzima inaegemea mbele. Halafu Go Ahead, gita la kumeremeta na sauti zilizopangwa vizuri, upole ambao usingetegemea watu walewale wanao. Hakuna upande uliowekwa kujaza nafasi. Mi nikimaliza mmoja mkono unaenda wenyewe kwenye sahani.

Hatua ya 7: Ukishaipata, inunue kwa akili

Ukiamua kutafuta kopi ya kweli jua kwanza kwamba bei haina uhusiano na ubora wa mziki, ina uhusiano na ngapi zilichapwa. Iliyouza milioni utaipata kirahisi, ya lebo ya mjini iliyochapwa mia chache utalia. Ukiona kuna toleo la lebo ndogo ya kwanza na toleo la lebo kubwa iliyoichukua baadae, kwa mfano 96 Tears ya Pa-Go-Go na ile ya Cameo, au Bad Girl ya J-Beck na ile ya Mercury, rekodi ni ileile, nunua ya pili ukae na hela yako.

Angalia imetengenezwa na nini. Singo nyingi za Marekani za wakati huo, hasa zilizochapwa California na zile za familia ya Columbia na Epic, sio vinyl, ni plastiki ngumu ya stairini. Ni nyepesi, haipindi, ukiigonga kwa ukucha inalia kikavu, na karatasi ya lebo imebandikwa juu kwa gundi badala ya kuchapwa pamoja na sahani. Stairini inaliwa na sindano haraka sana, inaweza kung'aa machoni kama mpya kumbe ndani imekwisha, unaweka unasikia shhhh kwenye kila neno lenye s. Kwahiyo kwa stairini usinunue kwa picha tu, muombe muuzaji akurekodie pande zote mbili, na ukiwa nayo nyumbani usiipige kwa sindano iliyochoka hata mara moja.

Soma pia zile namba zilizokwanguliwa kwenye sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Kiwanda cha Monarch cha Los Angeles kilikuwa kinaweka pembetatu ndogo na namba pembeni yake, namba zinakwenda kwa mfuatano, kwahiyo watu wanaweza kujua sahani ilichapwa lini. Ukiona lebo inasema 1966 lakini eneo hilo liko tupu au lina maandishi ya kisasa yaliyonyooka mno, hiyo imechapwa juzi. Toleo jipya halina ubaya wowote kama linauzwa kama toleo jipya, Sundazed na Norton wametoa nyingi nzuri kwa mono na nyimbo zikiwa mgongo kwa mgongo kama zamani, na kwa mtu anayetaka kusikiliza tu hizo zinatosha kabisa.

Tundu la katikati la singo za Kimarekani ni kubwa, kama milimita 38, RCA walilianzisha hivyo 1949 walipotoa sahani ya mizunguko 45, na gramafoni yako pengine ina kijiti chembamba tu. Nunua kile kiplastiki cha kujazia katikati kabla sahani haijafika, vinauzwa bei rahisi, na ukikiweka hakikisha kimekaa sawa kabisa, maana kikiegemea upande hata kidogo wimbo utakuwa unapanda na kushuka, na Go Ahead ikianza kuyumba zile sauti zote zilizopangwa zinaharibika.